Namna ya kupima mchanga na kuchagua chujio la kisima: mwongozo kwa mafundi na wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Visima vingi vya pwani yetu na vya uwanda wa Makonde hupita katika tabaka za mchanga na mawe ya mchanga ambayo hayakushikana vizuri, na ndiyo maana malalamiko ya watumiaji hufanana kutoka Newala hadi Kilwa: maji hutoka yakiwa na mchanga, pampu hulika mapema, na baada ya muda kisima chenyewe hujaa kutoka chini. Fundi wa kawaida hujibu malalamiko hayo kwa kutafuta chujio, yaani bomba lenye mianya linaloingiza maji kisimani, ambalo mianya yake ni midogo zaidi, naye mara nyingi hupata tatizo la pili, kwa sababu mchanga hukoma lakini maji nayo hupungua.

Watafiti waliolichunguza tatizo hili kwa undani mkubwa ni wale wa mafuta mazito, hasa katika jimbo la Alberta nchini Kanada, ambako mafuta yenye mnato mkubwa hukaa ndani ya mchanga usioshikana kabisa. Hapa kwetu hatuzalishi mafuta ya namna hiyo, kwani Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, zote ni hifadhi za gesi. Hata hivyo, njia za upimaji zilizokuzwa Alberta zinaweza kufanywa kwa vifaa vidogo katika karakana ya chuo au ya kampuni ya uchimbaji, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuzifanya kwa ajili ya kisima cha maji.

Kinachotokea mbele ya mwanya

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba chujio zuri huruhusu mchanga kidogo kupita. Punje zinapoelekea kwenye mwanya kwa pamoja, hugombania nafasi kama watu wanaotoka ukumbini kwa mlango mmoja, zikakwama na kujenga tao dogo linalozuia punje zilizo nyuma yake. Mwaka 1937 mtafiti Coberly alionyesha kwa majaribio kwamba mwanya unaweza kuwa mpana hadi mara mbili ya punje kubwa za mchanga, yaani zile za asilimia 10 ya juu, na bado tao likajengeka. Kanuni hiyo ni ukomo wa juu tu, na haifai kuchukuliwa kama ushauri wa kununua, kwa kuwa tao la namna hiyo huvunjika kwa urahisi pale mtiririko unapobadilika.

Jambo la pili linahusu chembe laini, yaani udongo wa mfinyanzi na vumbi lililo kati ya punje. Chembe hizi zikipita na kutoka nje, kisima husafika. Zikizuiwa, hujazana kwenye sentimita chache zilizo karibu na chujio na kuziba njia ya maji, na ndipo kisima kinapoonekana kimekauka ilhali tabaka la maji bado limejaa. Kwa hiyo kila chujio lipimwe kwa mizani miwili: uzito wa mchanga uliopita, na kiasi cha uwezo wa kupitisha maji kilichobaki. Anayepima uzito wa mchanga peke yake atachagua mwanya mwembamba kupita kiasi, na hilo ndilo kosa linalorudiwa zaidi.

Katika visima vya mafuta mazito vinavyotumia mvuke, ambapo visima viwili vya mlalo hupangwa kimoja juu ya kingine kwa umbali wa takriban mita 5, cha juu kikiingiza mvuke na cha chini kikikusanya mafuta yaliyoyeyuka, kuziba huku kuna gharama kubwa kwa sababu bomba la mlalo lenye urefu wa mamia ya mita haliwezi kung'olewa na kubadilishwa kwa urahisi. Wapo pia wazalishaji, hasa wa eneo la Lloydminster hukohuko Kanada, ambao huacha mchanga utoke kwa makusudi pamoja na mafuta baridi, kwa kuwa kutoka kwake hufungua njia ndani ya mwamba na kuongeza mtiririko. Wao wana pampu zinazostahimili mchanga na mahali pa kuutupa. Kisima cha kijiji chenye pampu ya kuzamishwa hakina kimojawapo, na njia hiyo haituhusu.

Kupata sampuli inayostahili jina hilo

Matokeo yote hutegemea sampuli, na hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapoharibika. Mchanga wa ufukweni Msangamkuu haufai kuwakilisha kisima cha Nanyamba au Tandahimba, kwa sababu mawimbi yamekwisha kuuosha na kuupanga, chembe laini zimeondoka, na chumvi imebaki. Kadhalika udongo mwekundu wa juu ya ardhi haufanani na tabaka lililo makumi ya mita chini.

Chukua sampuli kutoka kwenye tabaka lenyewe litakalowekewa chujio, kila baada ya mita 1 na kila rangi au ukubwa wa punje unapobadilika. Uchimbaji wa kuzungusha kwa matope huleta taabu maalumu: matope huosha chembe laini za tabaka na kuacha zake. Katika hali hiyo, simamisha uchorongaji, zungusha matope hadi yatoke bila vipande, chimba nusu mita, kisha kusanya kinachotoka kwenye ndoo na ukiache kitulie kwa saa kadhaa kabla ya kumwaga maji ya juu. Usikisuuze. Andika kina, tarehe na namba ya kisima kwenye mfuko papo hapo, na usichanganye sampuli za vina tofauti kwa nia ya kupata wastani, kwa kuwa mchanganyiko huo hauwakilishi tabaka lolote. Chujio huchaguliwa kwa kuangalia tabaka laini zaidi miongoni mwa yale yatakayoachwa wazi. Kama tabaka hilo ni jembamba, ni afadhali kulifunga kwa bomba lisilo na mianya kuliko kukibana kisima chote kwa ajili yake.

Kumbuka pia kwamba uchimbaji wa kisima unahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na ofisi inayohusika kwa ukanda wetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara. Ni busara kuuliza huko kama zipo kumbukumbu za visima vya jirani kabla ya kuanza kuchimba.

Kuchekecha na kusoma mgawanyo wa punje

Kausha sampuli kwa nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito wake usibadilike, pima gramu 200, kisha uioshe juu ya chekeche la milimita 0.075 hadi maji yatoke safi. Kausha tena kilichobaki na ukipitishe katika machekeche yaliyopangwa kutoka kubwa hadi dogo kwa dakika 10 hadi 15 za kutikisa. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la mchanga wa kwazi (quartz) hudhuru mapafu. Jumla ya uzito wa mwisho ikitofautiana na ule wa mwanzo kwa zaidi ya asilimia 1, rudia kazi.

Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia, kwamba machekeche yamebakisha hivi: milimita 1.0 gramu 4, milimita 0.6 gramu 16, milimita 0.425 gramu 34, milimita 0.3 gramu 46, milimita 0.212 gramu 40, milimita 0.15 gramu 26, milimita 0.106 gramu 14, milimita 0.075 gramu 8. Na kilichopita chini ya hapo, pamoja na kilichooshwa, gramu 12. Ukijumlisha kuanzia juu, asilimia 10 ya mchanga imebaki kufikia chekeche la milimita 0.6, asilimia 50 kufikia milimita 0.3, na asilimia 90 kufikia milimita 0.106. Chora nukta hizo kwenye karatasi ya logarithimu na usome zilizo katikati. Asilimia 40 itaangukia karibu na milimita 0.35.

Hapa lazima kutoa onyo. Wataalamu wa udhibiti wa mchanga huhesabu kutoka punje kubwa, hivyo D10 yao ni ukubwa unaobakisha asilimia 10, ambao katika mfano wetu ni milimita 0.6. Wahandisi wa udongo na barabara huhesabu kutoka punje ndogo, na D10 yao kwa sampuli hiyohiyo ni milimita 0.106. Ukisoma kanuni kutoka kitabu cha upande mmoja na kuitumia kwa namba za upande wa pili, utanunua chujio lenye mwanya uliokosewa karibu mara sita. Mwongozo huu unatumia hesabu ya udhibiti wa mchanga.

Gawanya D40 kwa D90 ili kupata uwiano wa mchanganyiko: 0.35 kwa 0.106 ni takriban 3.3. Uwiano ulio chini ya 3 huonyesha mchanga wenye punje zinazolingana, na ulio juu ya 5 huonyesha mchanga uliochanganyika sana. Mchanga wetu wa mfano uko katikati, nao una asilimia 6 ya chembe laini, kiasi kinachotosha kuleta mashaka.

Kanuni za kawaida sasa zinatupa mianya ya kujaribu. Kwa kisima kisichowekewa changarawe kuzunguka chujio, mwanya hubakisha asilimia 40 hadi 50 ya mchanga, yaani milimita 0.30 hadi 0.35. Kwa kisima chenye changarawe, kanuni ya Saucier ya mwaka 1974 hutaka changarawe ambayo ukubwa wake wa kati ni mara 5 hadi 6 ya ule wa mchanga, hivyo milimita 1.5 hadi 1.8, na mwanya wa bomba ubakishe asilimia 90 ya changarawe hiyo, ambao huwa karibu na milimita 1. Kwa hiyo jaribu mianya ya milimita 0.3, 0.5 na 0.75 bila changarawe, na ya milimita 1 pamoja na changarawe. Mwanya unaokatwa kwa msumeno wa chuma, kama ilivyozoeleka katika visima vya gharama ndogo, huwa na upana unaokaribia milimita 1, na kwa mchanga huu haufai bila changarawe.

Kuunda kifaa

Kifaa ni silinda iliyosimama, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 na urefu wa nusu mita. Plastiki inayoonyesha ndani ni bora, lakini bomba nene la PVC hufanya kazi pia. Chini weka kipande cha chujio halisi kilichokatwa na kunyooshwa, au sahani ya chuma iliyochongwa mwanya wa upana unaotakiwa, na chini yake faneli inayopeleka maji kwenye chombo cha kupimia. Toboa ukuta wa silinda mahali patatu, kwa sentimita 2, 7 na 17 juu ya sahani, na uunganishe mirija myembamba inayoonyesha ndani, iliyosimamishwa kando ya rula ndefu; kimo cha maji ndani ya mirija ndicho kitakachokuonyesha shinikizo. Paka gundi ukuta wa ndani na uunyunyizie mchanga, la sivyo maji yatateleza pembezoni badala ya kupita katikati ya sampuli.

Tangi la plastiki lililoinuliwa mita 4 lenye koki nzuri linatosha kusukuma maji katika hatua nyingi, ingawa hatua ya mwisho inaweza kuhitaji pampu ndogo.

Jaza mchanga ukiwa na unyevu kidogo, kwa matabaka ya sentimita 3, ukishindilia kila tabaka kwa idadi ileile ya mapigo hadi ufikie sentimita 25. Mchanga mkavu ukimwagwa kutoka juu hujitenga, punje kubwa zikaenda upande mmoja na ndogo upande wa pili, na jaribio likapoteza maana. Kwa jaribio lenye changarawe, tandika kwanza sentimita 8 za changarawe juu ya sahani na uongeze matundu ya shinikizo kwenye mchanga ulio juu yake. Halafu ingiza maji polepole kutoka chini hadi sampuli yote ilowe na mapovu ya hewa yatoke.

Kuendesha jaribio

Kasi ya maji isikisiwe, bali ikokotolewe kutoka kwenye kisima kinachokusudiwa. Chukua kisima cha kutoa mita za ujazo 5 kwa saa, chenye chujio la urefu wa mita 12 na kipenyo cha milimita 125. Eneo la nje la chujio hilo ni takriban mita za mraba 4.7, na silinda yetu ina mita za mraba 0.00785, hivyo mtiririko unaolingana ni takriban mililita 140 kwa dakika. Endesha hatua nne: 70, 140, 280 na 560. Hatua mbili za juu zina sababu ya msingi, kwa kuwa katika kisima halisi maji hayaingii kwa usawa, na sehemu ya chujio iliyo kwenye mchanga mwepesi kupitika hubeba mzigo wa sehemu nyingine.

Katika kila hatua subiri hadi vimo vya maji kwenye mirija vitulie, visome, kisha kusanya mchanga wote uliotoka, uukaushe na kuupima. Rudia jaribio zima mara tatu kwa kila mwanya, kila mara kwa sampuli mpya.

Baada ya hatua ya nne, fanya jambo ambalo wengi huliruka: funga koki, subiri dakika 5, fungua ghafla hadi 280, na urudie hivyo mara kumi. Pampu za sola ambazo sasa zimeenea vijijini huanza na kusimama kwa kufuata jua na mawingu, na kila kuanza huvunja baadhi ya matao ya punje. Mwanya unaofanya vizuri kwa mtiririko tulivu unaweza kumwaga mchanga tena na tena chini ya hali hii, na mimi ningeamini matokeo ya sehemu hii kuliko yale ya hatua nne zilizotangulia.

Lipo jaribio la nyongeza ambalo linatoka moja kwa moja kwenye utafiti wa mafuta mazito. Mvuke unapopoa chini ya ardhi hugeuka maji yasiyo na chumvi, na udongo wa mfinyanzi uliokuwa umetulia katika maji ya chumvi hulegea, ukasafiri na kuziba chujio. Visima vya karibu na bahari, kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko, vinaweza kupitia mabadiliko ya aina hiyo pale maji ya chumvichumvi yanapofuatwa na maji baridi ya mvua, au fundi anapokisafisha kisima kwa maji ya bomba. Anza na maji ya kisima chenyewe, kisha badili kwenda maji ya mvua kwa mtiririko uleule. Shinikizo karibu na chujio likipanda bila mtiririko kuongezeka, chembe laini zimehama.

Kusoma matokeo

Kwa upande wa mchanga, watafiti wa visima vya mvuke wametumia sana ukomo wa takriban kilo 0.6 kwa kila mita ya mraba ya chujio. Kwa silinda yetu hiyo ni karibu gramu 4.7 kwa jaribio zima. Zaidi ya hapo mwanya ni mpana mno. Angalia pia mwenendo: mchanga unaotoka kwa wingi mwanzoni na kukoma ni dalili njema, na ule unaotoka kidogo kidogo bila kukoma ni dalili mbaya hata kama jumla yake iko chini ya ukomo.

Kwa upande wa maji, tafuta mshuko wa kimo kwa kila sentimita kati ya matundu mawili ya juu, na mwingine kati ya matundu mawili ya chini. Gawanya wa juu kwa wa chini. Jibu la 1 lina maana kwamba mchanga ulio karibu na chujio unapitisha maji kama ulivyokuwa; jibu la 0.5 lina maana kwamba nusu ya uwezo imepotea, na chini ya hapo ningelikataa chujio hilo bila kujali jinsi maji yanavyoonekana safi. Ukipata mianya miwili iliyofaulu mizani yote miwili, chagua iliyo pana zaidi, kwa sababu kisima kitaendelea kujikusanyia kutu, chokaa na uchafu kwa miaka ambayo jaribio la siku moja haliwezi kuiiga.

Umbo la mwanya nalo lina uzito wake. Mabomba ya visima vya mvuke mara nyingi hukatwa mianya iliyo myembamba upande wa nje na mipana upande wa ndani, ili punje iliyofaulu kuingia isikwame njiani. Chujio la waya uliozungushwa hufuata wazo hilohilo na lina eneo kubwa zaidi la wazi; bei yake ni kubwa, lakini kwa mchanga wenye chembe laini nyingi huenda likawa rahisi kuliko kuchimba kisima kingine.

Kutoka karakana hadi kisimani

Kabla ya kununua, hakiki kasi ya maji kwenye mianya, ambayo kwa desturi haizidishwi mita 0.03 kwa sekunde. Kwa kisima chetu cha mfano, tukichukua kwamba asilimia 5 ya bomba ni wazi na nusu ya mianya itafunikwa na punje, kasi inakuwa karibu mita 0.012 kwa sekunde, hivyo kipimo kinaruhusu.

Changarawe iwe ya kwazi, ya mviringo na iliyooshwa. Kokoto za matumbawe, zinazopatikana kwa urahisi pwani yetu nzima, zisitumike hata kama bei yake inavutia, kwa sababu huvunjika, huyeyuka taratibu na kisha kuganda upya na kushikanisha changarawe. Idondoshee siki kokoto iliyopondwa. Ikitoa mapovu, ikatae. Shimo lichimbwe kwa upana unaoacha angalau milimita 75 za changarawe kila upande, changarawe imiminwe kupitia bomba jembamba linalofika chini ili isijitenge, na ipande mita kadhaa juu ya chujio kwa kuwa itashuka wakati wa usafishaji.

Usafishaji uanze mapema, kabla matope ya kuchorongea hayajakauka kwenye kuta za shimo. Sukasuka maji kwenda na kurudi ndani ya chujio, sehemu kwa sehemu, kisha inua maji kwa kompresa, na urudie hadi mchanga ukome. Kusukuma maji upande mmoja tu hujenga matao yasiyo imara ambayo yatavunjika siku pampu itakapozimwa.

Mwisho, fanya jaribio la pampu kwa mtiririko unaozidi ule utakaotumika, na upime mchanga katika maji dakika 5 baada ya kuwasha, kisha katikati, kisha mwishoni. Kwa matumizi ya nyumbani kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni miligramu 5 kwa lita, na kwa umwagiliaji wa kunyunyizia ni 10. Kabidhi namba hizo kwa jumuiya ya watumiaji maji na kwa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) pamoja na mchoro wa kisima, mstari wa mgawanyo wa punje na upana wa mwanya uliotumika, na urudi kupima tena baada ya msimu mmoja wa mvua.